Nyumba ya Mfanyabiashara wa Glavu



Wapendwa wanakwaya na waumini, kamati ya jubilei ilipogawa kazi za kijitabu hiki, risala ya miaka 25 ya kwaya ilimwendea mwenyekiti, orodha ya nyimbo ikamwendea mwalimu wa kwaya, na mimi katibu nikapewa "historia ya imani yetu kwa ufupi". Historia ya imani yetu haina ufupi. Kwa hiyo nimechagua nyumba moja tu, iliyoko kaskazini mwa jiji la London, na nitaifuata kuanzia kwa tajiri aliyeijenga mpaka habari zake zinapotufikia sisi hapa Kakamega. Inaitwa Holcombe House.

Huenda jina hilo hamjalisikia. Lakini jina la mahali iliposimama mnalijua tangu katekisimu: Mill Hill. Muulize mzee yeyote aliyebatizwa Mukumu au Mumias zamani, atakwambia alimwagiwa maji na padre wa Mill Hill, na pengine ataongeza kwamba padre huyo alikuwa mkali na alipanda pikipiki. Vijana wetu hudhani Mill Hill ni jina la shirika tu, kama vile kampuni inavyokuwa na jina. La, ni mahali. Ni kilima, na maana yake ni kilima cha kinu.

Mwaka 1775 mfanyabiashara wa glavu aitwaye John William Anderson alianza kujengewa nyumba juu ya kilima hicho. Mchoraji wa ramani alikuwa John Johnson, fundi mashuhuri wa wakati ule. Nyumba ilikamilika mwaka 1778 hivi. Anderson alikuwa mtu wa kupanda ngazi: alipewa cheo cha heshima na mfalme, akaingia Bunge, na mwaka 1797 akawa Meya Mkuu wa London. Nyumba yake ya Mill Hill ilikuwa ya aina ambayo Waingereza wenye mali waliipenda sana, yaani makao ya mashambani, mbali na moshi wa mji, ambako mtu huenda kupumzika na kuonyesha wageni kwamba amefika. Sisi tunaelewa jambo hilo. Mtu wetu akipata kazi nzuri Nairobi, haridhiki mpaka ajenge nyumba ya maana kwao, ingo, hata kama atalala humo siku kumi tu za Krismasi.

Kilima chenyewe kilikuwa na majirani wa kutajika. William Wilberforce, yule mbunge aliyepigana miaka mingi mpaka biashara ya watumwa ikapigwa marufuku katika himaya ya Uingereza mwaka 1807, alihamia jirani mwaka 1826, akiwa mzee, na akajenga kanisa la Kianglikana palepale Mill Hill. Mlishike jina la Wilberforce kidogo.

Sasa, ili tuelewe ilikuwaje nyumba ya tajiri ikawa nyumba ya watawa, lazima turudi nyuma zaidi. Nikifundisha sehemu hii darasani huwa nawaambia wanafunzi kwamba Uingereza iliwahi kufanya kinyume chake kwanza. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII, baada ya kuvunja uhusiano na Roma, alifunga monasteri zote za nchi yake. Zilikuwa nyumba za kitawa zipatazo 800. Watawa walitawanywa, kengele zikayeyushwa, mabati ya risasi yakang'olewa mapaani, na ardhi ikagawiwa au kuuzwa kwa wakubwa wa serikali. Monasteri nyingi ziligeuzwa makao ya mabwana. Ndiyo maana mpaka leo ukisikia jina kama Woburn Abbey, yaani Abasia ya Woburn, hukuti mtawa humo. Ni makao ya familia moja ya kikabaila iliyopewa mali hiyo mwaka 1547. Pale ambapo Zaburi ziliimbwa usiku wa manane, watu walianza kula mawindo na kucheza karata.

Niseme neno moja hapa kwa ajili yetu waimbaji. Neno "kwaya" tunalolishona kwenye sare zetu lilikuwa na maana nyingine katika monasteri. Lilikuwa pia jina la sehemu ya kanisa, karibu na altare, ambako watawa waliketi safu mbili wakitazamana na kupokezana mistari ya Zaburi, upande huu kisha upande ule, mara kadhaa kwa siku, mwaka hadi mwaka. Hapakuwa na kikundi cha kwaya kando ya jumuiya. Jumuiya yote ilikuwa kwaya. Kwa hiyo monasteri zilipofungwa, Uingereza ilipoteza waimbaji wake waliokuwa wakiimba tangu enzi za mababu, na wengi hawakurudi kuimba hadharani kwa karibu miaka 300.

Miaka hiyo haikuwa rahisi kwa Wakatoliki waliobaki. Kutoka mwaka 1581 asiyehudhuria ibada ya Kianglikana alitozwa faini ya pauni 20 kwa mwezi, fedha za kumfilisi mtu. Kuwa padre aliyepewa daraja ng'ambo kulihesabiwa kuwa uhaini. Misa ikahamia majumbani, katika vyumba vya juu vya familia chache zilizokataa kubadilika. Familia mojawapo ilikuwa akina Vaughan wa Courtfield, mpakani mwa Uingereza na Wales. Walilipa faini, wakauza vipande vya ardhi, wakabaki na imani yao. Sheria ililegezwa mwaka 1829, na maaskofu wakaruhusiwa kurudi mwaka 1850. Hapo ndipo gurudumu lilipoanza kuzunguka upande mwingine: Wakatoliki walihitaji nyumba za watawa, hawakuwa na monasteri zao za kale, lakini sokoni kulikuwa na nyumba kubwa za matajiri.

Mwana wa Courtfield ndiye aliyeiona Holcombe House.

Herbert Vaughan alizaliwa mwaka 1832, wa kwanza katika watoto 13. Mama yake, Eliza Rolls, alikuwa Mwanglikana aliyekuja kuwa Mkatoliki. Alitoka katika familia ileile ambayo baadaye ilimtoa Charles Rolls, mmoja wa wawili ambao majina yao yameandikwa kwenye gari la Rolls-Royce. Inasimuliwa kwamba Eliza alikaa saa nzima kila siku mbele ya Sakramenti akimwomba Mungu awaite watoto wake. Kati ya wavulana wanane, sita walikuwa mapadre, na watatu kati ya hao sita wakawa maaskofu. Mabinti wengi waliingia utawani. Baba yao, aliyekuwa kanali, alitaka Herbert awe mwanajeshi, na nafikiri kanali hakukosea sana, kwa maana kijana alikuwa na moyo wa kijeshi. Alipopewa upadre mwaka 1854 wazo moja tu lilimkaa kichwani: Uingereza ilikuwa ikipeleka meli, bunduki na vitambaa kila pembe ya dunia, lakini Wakatoliki wake hawakuwa na hata seminari moja ya kutayarisha wamisionari.

Hakuwa na pesa. Akaenda kuomba.

Mwishoni mwa mwaka 1863 alipanda meli kwenda Amerika akiwa na baraka za maaskofu na begi. Alipofika Panama alikuta ugonjwa wa ndui unaua watu, na serikali ya huko, iliyokuwa na ugomvi na Kanisa, imekataza mapadre kutoa sakramenti. Akaingia nyumba za wagonjwa hata hivyo. Alipomhudumia mwanamke aliyekuwa kufani, alikamatwa akapelekwa mbele ya mkuu wa mji, na aliponyoka kwa kupanda meli iliyokuwa ikielekea California. San Francisco hawakumfurahia sana; huko nako makanisa yalikuwa na madeni yao, kama tunavyojua sisi madeni ya kanisa. Akashuka Peru, Chile, akazunguka hadi Brazil, akigonga milango ya matajiri na maskini, mpaka alipoitwa nyumbani mwaka 1865. Alirudi na pauni 11,000. Wale ndugu zangu wanaoona haya kupeleka kadi ya mchango kwa jirani, msomeni Vaughan.

Kuhusu jinsi alivyopata nyumba, Mapadre wa Mill Hill wana simulizi wanalolipenda. Mwenye nyumba hakutaka kuitoa. Vaughan hakubishana. Aliomba ruhusa ndogo tu ya kuacha kifurushi kilichofungwa kwa karatasi, akijifanya atakipitia siku nyingine, na kikawekwa kabatini. Ndani ya kifurushi mlikuwa na sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Muda si muda mwenye nyumba akabadili nia. Ukiwa mwalimu wa historia unajifunza kutabasamu unaposikia masimulizi kama haya, na vilevile kutoyatupa, kwa sababu yanaonyesha watu walimtegemea nani. Yosefu ndiye aliyemtafutia Maria na Mtoto mahali pa kulala.

Mwezi Machi 1866 Vaughan aliingia Holcombe House. Seminari ya Mtakatifu Yosefu ilianza na mwanafunzi mmoja. Mmoja! Vyumba vilivyopambwa kwa ajili ya karamu za Meya Mkuu vikawa na vitanda vya chuma na mikate mikavu, kwa maana Vaughan alitaka vijana wake wazoee ufukara kabla hawajaukuta ng'ambo. Wanafunzi walipoongezeka aliwajengea chuo kikubwa karibu na hapo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1869 na mwaka 1871 wakahamia, chini ya mnara wenye sanamu ya Yosefu iliyopakwa dhahabu, inayoonekana kutoka mbali. Kazi ililipiwa na watu wadogo. Visanduku vyekundu vya sadaka viliwekwa katika nyumba za Wakatoliki maskini, wengi wao Wairishi wa viwandani, na senti zikadondoshwa humo. Visanduku hivyo vipo hata leo.

Na wale mapadre wa kwanza walikwenda wapi? Mwezi Novemba 1871 Vaughan mwenyewe aliwasindikiza wanne hadi Baltimore, Marekani, kuwahudumia Waafrika waliokuwa wametoka utumwani miaka sita tu nyuma. Nilisema mlishike jina la Wilberforce. Yeye na Vaughan hawakuwahi kukutana, na wala hawakuwa wa kanisa moja. Lakini kilima ni kilekile.

Wanafunzi walipohama, nyumba ya glavu haikurudi kwa matajiri. Waliingia wanawake. Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu, na nawaomba msiruke kurasa.

Kundi la watawa, ambao chanzo chao kilikuwa jumuiya ya Kianglikana na ambao walipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1868, walichukua kanuni ya Mtakatifu Fransisko na kuifanya Holcombe House kuwa makao yao. Waliizungushia majengo ya konventi na kikanisa, na mahali pakaitwa St. Mary's Abbey, Abasia ya Mtakatifu Maria. Kwa hiyo katika muda wa karne moja nyumba ya mfanyabiashara iliyojengwa kwa starehe ilikuwa abasia. Kile Henry alichokifanya kuelekea huku kikafanywa kuelekea kule, bila amri ya mfalme na bila kumfukuza mtu. Walilea yatima, walifundisha, walisali. Mwaka 1881 masista wao nao walivuka kwenda Baltimore kulea watoto Waafrika ambao hakuna aliyewataka.

Mwaka 1895 aligonga mlango wa abasia hiyo msichana wa Kiirishi wa miaka 20, Teresa Kearney. Alizaliwa huko Arklow, wilaya ya Wicklow, mwaka 1875. Baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake akafa yeye akiwa na miaka kumi. Bibi aliyemlea akafa naye akiwa na miaka 17. Alikuwa mwalimu msaidizi asiye na cheti cha juu, akifundisha shule za watoto maskini ili apate chakula. Huyu mimi namwelewa kuliko makardinali. Aliweka nadhiri mwaka 1898 kwa jina la Sista Kevin, akaomba apelekwe Marekani kwa Waafrika wa Baltimore, akaambiwa asubiri. Alisubiri miaka. Mwito ulipokuja haukuwa wa Marekani.

Lazima sasa tuhame kutoka London kwenda Buganda, maana huko ndiko kulikoamua kwamba sisi tuwe watoto wa Mill Hill. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka mwaka 1877, na Mapadre Weupe kutoka Ufaransa wakafika mwaka 1879. Dini ikachanganyika na siasa hata Baganda wakawaita Wakatoliki "Wafaransa" na Waprotestanti "Waingereza". Mwezi Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard ikaamua mshindi. Roma iliona hatari: chini ya utawala wa Mwingereza, Mkatoliki angehesabiwa kuwa mgeni na adui. Vaughan alikuwa sasa Kardinali na Askofu Mkuu wa Westminster. Mwaka 1894 eneo liligawanywa, na upande wa mashariki, Vikarieti ya Nile ya Juu, ukapewa Mill Hill ili watu waone kwa macho kwamba yupo Mwingereza Mkatoliki. Askofu Henry Hanlon na mapadre wanne walitembea kutoka pwani na kufika Mengo mwezi Septemba 1895, wakapewa kilima cha Nsambya.

Sipendi kuificha sehemu hii, ingawa ndugu mmoja wa kamati alinishauri niiruke kwa vile ni sherehe. Wamisionari wetu walichaguliwa kwa sababu ya uraia wao. Mipaka ya parokia za kwanza ilifuata mipaka ya wakoloni, na sisi hapa wakati ule tulihesabiwa kuwa sehemu ya mashariki ya Uganda mpaka tarehe 1 Aprili 1902, serikali ilipotuhamishia upande wa Kenya. Serikali ilihamisha, Kanisa halikuhamisha. Kwa zaidi ya miaka 20 baadaye Mkatoliki wa Mumias aliendelea kuwa chini ya askofu wa Nsambya. Mtoto akiniuliza darasani kama Injili ililetwa na bendera, siwezi kusema hapana. Naweza tu kumwonyesha yule msichana wa Arklow, ambaye nchi yake mwenyewe ilikuwa chini ya bendera hiyohiyo na haikuipenda.

Askofu Hanlon alikuwa ameona kwamba mapadre peke yao hawatafika jikoni wala chumba cha uzazi. Akaomba masista, na abasia ya Mill Hill ikamjibu. Sita waliondoka Holcombe House mwezi Desemba 1902 na kufika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Walikuwa Wairishi watatu, Mwingereza, Mskoti na Mmarekani. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja hivi nyuma. Hospitali yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Malale, tauni na ndui vilikuwa vikiua watu kando ya ziwa, na Sista Kevin, ambaye hakuwa daktari, aliosha vidonda, akapika uji, akafundisha wasichana kusoma.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Nsambya ilipokea wapagazi wa jeshi la Waingereza. Hao ndio wale wa Carrier Corps ambao jina lao liligeuka Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Vijana wengi wa nchi yetu hii ya Waluhya walichukuliwa kubeba mizigo ya vita visivyo vyao na hawakurudi. Mama Kevin alikasirishwa na jinsi wapagazi walivyotendewa na waganga wa Kizungu wa jeshi, akawatunza kama binadamu. Serikali ilimpa nishani. Nadhani wapagazi walimpa kubwa zaidi, kwa maana jina lake lilikaa midomoni: huko Uganda "Mama Kevina" likawa neno la kawaida la kuitia mahali pa kujifungulia na kutibiwa.

Daktari Evelyn Connolly alijiunga naye mwaka 1919, na mwaka 1921 wakaanzisha mafunzo ya wauguzi na wakunga wa Kiafrika. Mwaka 1923, wengi walipokuwa bado wakiuliza kama mwanamke wa Kiafrika anaweza kushika nadhiri, Mama Kevin aliwakusanya wasichana wanane na kuanzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, makao yao Nkokonjeru. Baadaye walivuka mpaka, na leo wanahudumu Kenya pia. Mwaka 1952 wale wamisionari waliotoka Mill Hill walitengana rasmi na abasia mama na kuwa shirika lao, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza.

Upande wetu kazi ilikwenda kwa mwendo wake. Wamisionari wa Mill Hill walifungua Kisumu mwaka 1903, Mumias mwaka 1904 na Mukumu mwaka 1906. Hawakuwa peke yao. Marafiki, yaani Wakweka, walikuwa Kaimosi tangu mwaka 1902, na kuna familia katika kwaya hii ambazo bado zinagawanyika Jumapili asubuhi pale njia panda. Mwaka 1925 Kavirondo ilitengwa na Nile ya Juu chini ya Mholanzi, Gorgonius Brandsma. Msishangae kwamba "Waingereza" wetu wengi walikuwa Waholanzi na Watiroli. Vaughan alikuwa amefungua nyumba za malezi Uholanzi na Tiroli zamani, maana vijana wa Kiingereza hawakutosha. Tarehe 27 Februari 1978 Jimbo la Kakamega lilizaliwa kutoka Kisumu, Askofu Philip Sulumeti akiwa wa kwanza, na Kanisa Kuu likiwa chini ya Mtakatifu Yosefu yuleyule wa kabatini.

Na uimbaji? Misa ilikuwa ya Kilatini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango mwaka 1963. Ndipo Kiswahili, Kiluhya, kayamba na ngoma vikaingia patakatifu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa leo hatua chache kutoka altare. Nikiwa nimesimama sauti ya pili nikisikia ile ngoma kubwa ikijibiwa na zile ndogo, hufikiria zile safu mbili za watawa zikipokezana Zaburi, upande huu, kisha upande ule.

Lakini kuna jambo limenisumbua wakati nikikusanya haya. Nimepitia vijitabu vingi vya sherehe za makanisa yetu. Majina ya mapadre yamepangwa kwa miaka, moja baada ya jingine, kama chembe za rozari. Masista huandikwa "pamoja na watawa". Nikafungua daftari la kumbukumbu la kwaya yetu wenyewe, lile la mwaka wa kwanza lenye jalada la bluu. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwalimu, wote wanaume, wote kwa majina matatu. Kisha mstari mmoja: "na akina mama wa sauti ya kwanza". Akina mama hao ndio walioshona sare za kwanza, ndio waliopika siku ya mashindano, na baadhi yao tumeshawazika. Nimezunguka jumuiya ndogondogo kwa miezi miwili nikiuliza majina. Kukhu mmoja alinicheka, akaniambia, "Mwalimu, tangu lini katibu akaandika mpishi?" Orodha iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ikiwa mama yenu hayumo, niambieni leo kabla ya chakula. Nimeacha nafasi ya kuandika kwa kalamu.

Chuo kikubwa cha Mill Hill kilifungwa mwaka 2006, kwa kuwa vijana wa shirika sasa hutoka Afrika na Asia na hulelewa huku. Jengo likauzwa, likawa nyumba za kupanga za watu wenye uwezo. Vaughan, aliyefia chuoni humo mwezi Juni 1903 na kuzikwa makaburini pake, alihamishwa mwaka 2005 kwenda Kanisa Kuu la Westminster alilolijenga. Courtfield nayo iliuzwa na familia kwa Mapadre wa Mill Hill katikati ya karne ya 20, wakaifanya nyumba ya malezi na mafungo, na baada ya nusu karne ikarudi kwa akina Vaughan. Holcombe House bado imesimama, nayo imo katika majengo yanayolindwa na sheria ya Uingereza.

Mama Kevin alifariki Boston, Marekani, tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa katika kazi ileile ya Vaughan, kuombaomba kwa ajili ya misheni. Walimzika Ireland. Waganda hawakukubali, waliomba mwili wake, na mwezi Desemba mwaka huohuo akaletwa Nkokonjeru. Tangu mwaka 2016 anaitwa Mtumishi wa Mungu, na kesi ya kumtangaza mtakatifu inaendeshwa na Jimbo la Lugazi.

Basi letu la mahujaji wa Namugongo hupita Lugazi kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, kwa kawaida usiku, watu wamelala. Njia ya Nkokonjeru inachepuka upande wa kushoto ukitoka Jinja. Nimeshazungumza na dereva kuhusu mwakani. Anasema tukitoka Kakamega saa mbili mapema, tutapata muda wa kusimama na kuimba wimbo mmoja.